"Thou": neno la Kiingereza tunalolipa heshima ambayo halikuwa nayo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aje kuusoma jioni. Nataka tuzungumzie neno moja tu la Kiingereza cha zamani, "thou", pamoja na ndugu zake "thee", "thy" na "thine". Tunakutana nalo kwenye Biblia ya King James, kwenye Shakespeare tuliosomeshwa shuleni, kwenye tenzi za Kiingereza, hata kwenye kadi za harusi za watu wanaotaka kadi yao ionekane ya hadhi. Na karibu kila ninaposikia likielezwa, maelezo ni yale yale: kwamba "thou" ni "you" ya heshima, neno takatifu walilotengewa Mungu na wafalme.

Si kweli. Ukweli ni kinyume chake, na anayeshika maelezo hayo atasoma vibaya ile Biblia na zile tamthilia maisha yake yote. Jambo hili linanigusa, ndiyo maana nimeamua kulifungulia uzi.

Maana yenyewe

"Thou" ni "wewe". Mtu mmoja unayesema naye. "Ye" na "you" zilikuwa "ninyi". Kiingereza cha kale kilitenganisha mmoja na wengi kama tunavyotenganisha sisi, na kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 kilikuwa hata na neno la watu wawili tu, "git", kama vile Kiarabu kilivyo na "antumā". Hilo la watu wawili lilikufa mapema. "Thou" liliishi muda mrefu zaidi.

Kulitamka: th yake ni dh ya dhahabu, si th ya thamani. Dhau, dhii, dhai, dhain.

Sasa, vitabu vya sarufi ya Kiingereza hulieleza jambo hili kwa majedwali, lakini msemaji wa Kiswahili hahitaji jedwali. Tayari analo mdomoni. "Thou" ni u- ya mtenda: "thou seest", unaona. "Thee" ni -ku- ya mtendwa: "I see thee", nakuona. "Ye" ni m- ya watenda, na "you", awali, ilikuwa -wa- ya watendwa. Chukua Yohana 8:32 katika King James: "And ye shall know the truth, and the truth shall make you free." Kwetu: mtaifahamu kweli, nayo itawaweka huru. "Ye" imekaa pale ilipo m-, na "you" pale ilipo -wa-. Mwingereza wa leo akiusoma mstari huo haoni kwa nini neno limebadilika katikati ya sentensi. Wewe unaona.

"Thy" na "thine" zote ni -ako. "Thy" hutangulia konsonanti, "thy name". "Thine" hutangulia irabu, "thine eyes", au husimama peke yake: "thine is the kingdom", ufalme ni wako.

Vitenzi navyo hubadilika. "Thou" hudai mwisho wa -est au -st: thou knowest, thou hast, thou didst. Vichache vina umbo lao: thou art, thou wast, thou shalt, thou wilt. Ule mwisho wa -eth ni wa nafsi ya tatu: "he knoweth", yeye ajua. Kwa hiyo "he goest" ni kosa, na "thou goeth" ni kosa.

Heshima iliingiaje?

Iliingia kwa mlango wa pili, na ilikwenda kwa "you".

Baada ya 1066 wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa, na Kifaransa kina desturi ya kumwita mtu mmoja mwenye cheo kwa wingi: "vous" badala ya "tu". Kuanzia karne ya 13 desturi hiyo ikaanza kuingia kwenye Kiingereza. Bwana akaitwa "ye" na "you" ingawa yuko peke yake. "Thou" ikabaki kwa mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu, mke na mume wakiwa faraghani, na kwa mtu unayetaka kumdharau. Sisi hatukugawanya neno lenyewe, "wewe" yetu ni moja kwa wote, lakini uchungu wa jambo hili tunaujua. Nani kati yetu anaweza kumwita mzee wa watu "we!" bila kutanguliza baba, mama, mzee au shikamoo, halafu asigeuziwe uso?

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mahakamani. Tarehe 17 Novemba 1603, mjini Winchester, Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini. Huyu alikuwa mtu wa ikulu, mshairi, baharia, kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza enzi zake. Mwanasheria Mkuu Edward Coke alipotaka kumvua heshima yote mbele ya watu, alimwambia: "for I thou thee, thou traitor!" Hapo "thou" ya kwanza ni kitenzi. Ni kama kusema: ndiyo, nakuita "wewe", msaliti we! Kila aliyekuwemo mle ndani alielewa kuwa ametukanwa. Raleigh alihukumiwa kifo, akafungwa miaka mingi, akakatwa kichwa mwaka 1618.

Shakespeare alikuwa hai wakati huo na alilichezea jambo hili kwa ustadi mkubwa. Katika tamthilia yake ya Twelfth Night, Sir Toby anamfundisha mwenzake namna ya kuandika barua ya kumchokoza mtu, anamshauri amwite "thou" mara tatu hivi, haitadhuru. Katika Hamlet kuna mistari miwili inayofuatana ambayo mimi naiona ni somo zima. Mama anamwambia mwanawe: "Hamlet, thou hast thy father much offended." Mwana anajibu: "Mother, you have my father much offended." Mama anasema na mtoto wake, anatumia "thou". Mtoto anarudisha maneno yale yale kwa "you". Kwa sikio la leo "you" ni laini. Kwa sikio la wakati ule ilikuwa adabu ya nje, baridi, ya mtoto anayejitenga na mama yake.

Wale mliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, rudini kwenye sehemu ile Shailoki anapoombwa mkopo na Antonio. Kwa Kiingereza, Shailoki anamlalamikia Antonio kwa "you", umeniita mbwa, umenitemea mate. Antonio anamjibu kwa "thee": "I am as like to call thee so again, to spit on thee again." Mkopaji ndiye anayedharau, na mkopeshaji ndiye anayechunga adabu. Dharau yote ya Venisi kwa Myahudi imo ndani ya neno hilo moja. Kiswahili hakiwezi kulibeba, kwa sababu "you" ya mtu mmoja na "thee" zote huangukia kwenye wewe. Si kosa la Mwalimu. Lugha yetu inatunza hesabu ya watu, haitunzi vyeo katika neno hili, na mfasiri hana budi kuitafutia dharau hiyo mahali pengine katika sentensi.

Tuje kwenye Biblia

Hapa najua nitawagusa wengi.

King James ilitoka mwaka 1611. Wakati huo kumwita mkubwa "you" ilikuwa kawaida kabisa. Kwa nini basi ndani yake Mungu anaitwa "thou"? Kwa sababu watafsiri walifuata njia ya William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilichapwa 1526: Kiebrania na Kiyunani vinatenganisha mmoja na wengi, basi na Kiingereza kitenganishe. Mmoja ni "thou", hata awe nani. Ndiyo maana katika Biblia hiyo hiyo Shetani naye anaitwa "thou". "Get thee behind me, Satan: thou art an offence unto me", Mathayo 16:23. Nyoka wa Mwanzo 3:14 anaambiwa "thou art cursed". Kama neno hili lingekuwa la utukufu, nyoka angelipataje?

Na kuna ushahidi mwingine mzuri zaidi. Fungua kurasa za mwanzo kabisa, ile barua ya kumtunukia kitabu Mfalme James. Humo mfalme haitwi "thou". Anaitwa "Your Majesty". Kitabu kimoja, watu wale wale: Mungu ni "thou", mfalme ni "Your Majesty".

Michango na majibu

*Mdau mmoja ameandika: "Mkuu, mimi nimelelewa kwenye King James. Tunapoomba kwa 'Thou' tunajishusha mbele za Bwana. Unataka kutuambia tumekuwa tukimdharau Mungu?"*

Hapana, ndugu yangu, na swali lako nalichukua kwa uzito wake. "Thou" ilikuwa na pande mbili, ya dharau na ya ukaribu, kutegemea nani anasema na nani. Katika sala ni ule ukaribu. Angalia sala uliyofundishwa utotoni: Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. U- na -ako. Hakuna aliyewahi kusema "jina lenu litukuzwe" ili kumheshimu Mungu zaidi. Mtoto anasema na Baba yake, na Kiswahili kimelitunza hilo bila shida. "Hallowed be thy name" ilikuwa vivyo hivyo masikioni mwa Mwingereza wa 1611. Unyenyekevu wako uko kwenye sala yako, nao ni wa kweli. Ninachokataa ni watu kufundishwa kwamba umo ndani ya neno.

*Mwalimu wa fasihi anauliza: "Sasa hisia hii ya utakatifu ilitoka wapi, maana hata Waingereza wenyewe wanayo?"*

Ilitokana na upweke, mwalimu. "Thou" ilikufa sokoni na nyumbani, ikabaki kanisani. Kufikia mwaka 1700 hivi, katika Kiingereza cha London ilikuwa imekwisha kwenye mazungumzo ya kawaida. Mtu akawa anaisikia tu Jumapili, kwenye Biblia na kwenye kitabu cha sala, basi ikaanza kunukia ubani. Baadaye tafsiri mpya zikaimarisha jambo hilo. Revised Standard Version ya 1952 iliwapa wanadamu "you" lakini ikamwachia Mungu "thou" anapoombwa. Hapo ndipo neno likawa kweli la Mungu peke yake ndani ya Biblia hiyo. Toleo lake jipya la 1989 likaiondoa kabisa.

Kwa nini ilikufa? Kubwa ni woga wa kukosea. Miji ilikua, wafanyabiashara wakatajirika, ukikutana na mtu aliyevaa vizuri hujui ni bwana au mwana wa fundi. Ukimwita "thou" na kumbe ni mkubwa, umejitafutia ugomvi. Ukimwita "you" na kumbe ni mdogo, hakuna aliyeumia. Watu wakachagua usalama, "you" ikameza yote.

*Mdau wa Vihiga: "Hawa Marafiki wetu wa Kaimosi, si ndio waliokuwa wakisema thee na thou?"*

Ndio hao, asante kwa kuwaleta, maana sehemu hii naipenda kuliko zote. George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, yaani Quakers, dhehebu la Kikristo, alihubiri Uingereza katikati ya karne ya 17, na alisema wazi kwamba ameagizwa amwite kila mwanamume na mwanamke "thee" na "thou", tajiri au maskini, mkubwa au mdogo, na asimvulie mtu yeyote kofia. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu mmoja ni mmoja. Kumwita kwa wingi ni kumsifia uongo, na mbele za Mungu hakuna mkubwa. Kwa hiyo Marafiki walikwenda mbele ya mahakimu wakawaambia "thou". Mmeshaona Coke alilitumia neno hilo kwa kazi gani, basi wazieni hasira za hakimu. Watu hawa walipigwa na kufungwa, na namna yao ya kusema ilikuwa sehemu ya kesi yao. Mwaka 1660 Fox na wenzake walichapisha kitabu kizima, chenye mifano ya lugha nyingi, kuthibitisha kwamba umoja ni umoja na wingi ni wingi.

Wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Quakers wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Wapo wanaosali kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili vita ile ya Fox haikuhitaji kupiganwa: hakimu ni wewe, mfungwa ni wewe.

Nyongeza ndogo: Marafiki wa Marekani baadaye waliigeuza sarufi, wakasema "thee is", "thee knows", mahali ambapo King James ingesema "thou art", "thou knowest". Ukikuta hivyo kwenye riwaya, mwandishi hajakosea.

*Mdau wa Bukavu: "Kwetu tuliosoma kwa Kifaransa jambo hili ni jepesi, ni tu na vous."*

Kabisa, kaka. Na "thou" ni ndugu wa damu wa "tu" na wa "du" ya Kijerumani, shina ni moja. Tofauti ni kwamba Wafaransa na Wajerumani walibaki na maneno yote mawili, Waingereza wakamtupa mdogo na kubaki na mkubwa. Kwa hiyo Mwingereza wa leo akisema "you" kwa paka wake, anampa lile neno la bwana mkubwa.

Hata hivyo halijafa kila mahali. Yorkshire na sehemu nyingine za kaskazini mwa Uingereza wazee bado husema "tha" kwa rafiki, na watu wa Sheffield waliitwa "dee-dahs" na majirani zao kwa namna wanavyotamka "thee" na "tha". Huko kuna onyo la zamani kwa mtoto asiyejua mipaka: "Don't thee tha me", yaani usiniite mimi wewe. Na kwa sababu "you" imebaki bila mwenzake wa wingi, watu wamejitengenezea wa kwao: "y'all" kusini mwa Marekani, "youse" Ireland na Liverpool, "yinz" Pittsburgh. Lugha ikipoteza kitu inachokihitaji, wasemaji wataunda kingine.

*"Na ile 'Ye Olde' ya kwenye mabango ya maduka?"*

Hiyo si "ye" ya ninyi. Zamani th iliandikwa kwa herufi moja, þ, na umbo lake kwenye mwandiko lilikuja kufanana na y. Wachapaji wakaweka y. Inasomwa "the", hakuna zaidi.

*"Nimekuta 'ten thou' kwenye kitabu cha mashine, inahusiana?"*

Hapana. Hiyo ni kifupi cha sehemu ya elfu ya inchi, na th yake ni ya thamani. Kifupi hicho hicho kinatumika pia kwa elfu moja, na ndicho baba wa "thao" ya Nairobi.

*"Kadi ya harusi tumeandika 'We invite thou and thy family'. Tubadilishe?"*

Badilisheni, dada. Anayealikwa ni mtendwa, kwa hiyo ni "thee", na mkialika watu wawili katika kadi moja hata hiyo haifai, wanakuwa "you". Ushauri wangu ni mwandike "you" tangu mwanzo. Na hongereni sana.

*Wa mwisho aliuliza aanzie wapi kujionea mwenyewe.*

Shika King James mkono mmoja na Biblia yetu ya Union mkono mwingine. Soma Mathayo 6:6 na 6:7, uone "thou" ya mtu anayeingia chumbani kwake peke yake ikigeuka "ye" ya kundi zima. Kisha Yohana 3:7: "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Kwetu ni "nilikuambia, hamna budi". Yesu anasema na Nikodemo, lakini sharti ni la watu wote. Halafu nenda Luka 22:31-32, ambapo Kiingereza cha leo mara nyingi humpoteza msomaji asipoongezewa neno. Shetani amewataka "you", ninyi nyote, awapepete kama ngano. Lakini nimekuombea "thee", wewe Simoni. Mitume wote wako hatarini, sala imetajwa ya mmoja, na mmoja huyo anaagizwa akigeuka awaimarishe wenzake.